Uchambuzi wa kisa: mfumo wa kuingiza hewa baridi uliotengenezwa gereji kwa ajili ya pikapu ya mizigo mkoani Dodoma

Usuli

Kisa hiki kinahusu pikapu ya petroli yenye injini ya silinda nne na ujazo wa lita 2.7, isiyo na turbo, ambayo mafuta yake huingizwa kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Mmiliki ni mfanyabiashara wa mazao anayekusanya alizeti na mtama katika vijiji vya wilaya za Chemba na Kongwa, kisha kuupeleka mzigo kwenye soko la mazao la Kibaigwa au kwa wenye mashine za kukamua mafuta mjini Dodoma. Majina ya wahusika, muundo wa gari, gereji na vijiji vimeondolewa. Vipimo vilivyotajwa ni vile vilivyosomwa kwenye gari hilo, na havipaswi kuchukuliwa kuwa kanuni ya magari yote.

Gari lilinunuliwa Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika, na malalamiko ya mmiliki yalianza mara tu lilipoanza kazi huku bara: likibeba mzigo wa tani moja halikuwa na nguvu kwenye miinuko ya kuelekea Kondoa. Sehemu ya malalamiko hayo ilikuwa na sababu ambayo hakuna fundi angeweza kuiondoa. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa huwa kama kilopaskali 88 au 89, wakati pwani ni kama 101. Injini isiyo na turbo inategemea kanieneo hiyo peke yake kujaza silinda zake, kwa hiyo gari lililozoeleka Dar es Salaam hupungukiwa na takriban asilimia 12 ya hewa yake likifika Dodoma, hata kama kila kifaa chake ni kipya. Jambo hili halikuelezwa kwa mmiliki mwanzoni, na kwa maoni yangu kisa chote kingechukua njia nyingine kama lingeelezwa.

Sababu nyingine zilikuwa ndani ya uwezo wa gereji yoyote. Bomba la plastiki linalotoa hewa ndani ya madigadi na kuiingiza kwenye boksi la ea klina lilikuwa limepotea, hivyo boksi lilikuwa likinyonya hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Chujio la karatasi lililokuwemo lilikuwa limepulizwa kwa upepo wa kompresa mara nyingi badala ya kubadilishwa, mpaka mikunjo yake ikalaliana na mpira wake wa pembeni ukapinda. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa linapumua hewa ya moto kupitia chujio lililoziba. Hakuna aliyepima wala kuandika hali hiyo kabla ya kuanza kubadilisha vitu.

Mfuatano wa matukio

Mwanzoni mwa kiangazi mmiliki aliona gari la mfanyabiashara mwenzake lenye chujio la umbo la pia lililo wazi chini ya boneti, akavutiwa na maelezo kwamba hewa nyingi na baridi huongeza nguvu. Alimwomba fundi wake wa siku zote amtengenezee mfumo kama huo. Fundi aliondoa boksi zima la ea klina. Mahali pake aliweka bomba la chuma lililokatwa kwa fundi eksozi, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 76, akaliunganisha na throto (mlango wa hewa wa injini) kwa kiwiko cha PVC na vipande vya mpira vilivyokazwa kwa klipu. Mwisho wa bomba, nyuma ya taa ya mbele, alifunga chujio la pamba lililopakwa oili. Sensa ya kupima hewa, ambayo kiwandani ilikaa kwenye kishikizi chake chenye kipenyo cha ndani cha milimita 70, aliihamishia kwenye tundu alilotoboa katika bomba jipya. Mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, ambao awali uliungana na bomba la hewa baada ya sensa, haukupata mahali pa kurudi, hivyo aliufunga kichujio kidogo na kuuacha ukining'inia.

Siku za mwanzo mmiliki aliridhika. Mlio wa hewa ulikuwa mkubwa kila alipokanyaga pedeli, na gari lilivuta vizuri kuliko awali. Muda si mrefu injini ilianza kutetemeka ikiwa saileni (ikizunguka bila pedeli kukanyagwa), ikawa inagonga kwenye mlima hasa mchana, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi alichomoa waya wa betri ili kufuta hitilafu. Taa ilizimika, lakini gari likawa zito zaidi kwa muda kabla ya kupata nafuu kidogo, kisha taa ikawaka tena. Jambo hilo lilirudiwa mara kadhaa.

Mpwa wa mmiliki, kijana anayejifunza ufundi, alikuwa na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachoungana na simu. Alisoma msimbo wa P0171, unaomaanisha kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na akaandika joto la hewa inayoingia. Mchana wenye joto la nyuzi 31 nje, gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, hewa iliyoingia ilikuwa na nyuzi 61. Gari likitembea kilomita 80 kwa saa ilishuka hadi 42. Fundi alichukua takwimu hizo kama uthibitisho kwamba tatizo lilikuwa joto peke yake, akarefusha bomba na kulishusha chujio chini, nyuma ya bampa. Joto lilishuka kweli: nyuzi 36 gari likiwa limesimama na 33 likitembea. Taa ya injini haikuzimika.

Mvua zilipoanza, gari lilivuka korongo ambalo maji yake yalifika katikati ya magurudumu. Injini ilizimika likiwa bado ndani ya maji. Mmiliki alitaka kupiga stata palepale, naye mpwa akamzuia: "Mjomba, tusiwashe. Chujio liko chini ya maji." Walilisukuma gari hadi nchi kavu wakisaidiwa na wapita njia, wakachomoa plagi zote nne, ndipo wakazungusha injini. Silinda moja ilirusha maji. Chujio lilikuwa limelowa chapachapa na ndani ya bomba mlikuwa na matope. Oili haikuwa imegeuka rangi, lakini ilibadilishwa kabla ya gari kuwashwa. Baada ya tukio hilo gari lililetwa kwenye gereji ninayofanyia kazi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobadilisha chochote kabla ya kupima. Masahihisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani nyongeza ambayo kompyuta imejifunza kuitoa juu ya kiwango cha kawaida, yalisomeka asilimia 17 juu, na yalipanda zaidi injini ikiwa saileni. Mgandamizo wa silinda tatu ulikuwa karibu sawa, lakini wa silinda ya nne ulikuwa chini kidogo. Tulifungua bomba tukapangusa ndani yake kwa kitambaa cheupe, upande wa baada ya chujio, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu. Kitambaa kilitoka chekundu kwa vumbi.

Njia tatu ziliwekwa mbele ya mmiliki. Ya kwanza ilikuwa kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani kwa spea za mtumba. Ya pili ilikuwa kulijengea chujio lililo wazi boksi la bati na kurekebisha kasoro za bomba. Ya tatu ilikuwa kulipandisha bomba la kunyonyea hewa hadi usawa wa paa, lakini mmiliki hakutaka madigadi itobolewe. Kila njia ilijadiliwa kwa swali moja: hewa itatoka wapi, itasafishwa na nini, na itapimwa wapi?

Tulichagua mchanganyiko wa mbili za kwanza. Boksi la ea klina la aina ileile pamoja na kishikizi cha sensa cha milimita 70 lilipatikana kwenye spea za mtumba, likawekwa chujio jipya la karatasi. Kilichotengenezwa kwa mkono ni njia ya hewa ya kabla ya chujio: mfereji wa bati uliokunjwa na kuchomelewa, unaoanzia kwenye tundu la juu ndani ya madigadi, juu ya usawa wa taa ya mbele, na kuingia kwenye mdomo wa boksi. Kingo zake zilivalishwa mpira wa mlango wa gari uliotumika, ili bati lisikwangue wala kuruhusu hewa ya injini kupenya. Sehemu yake ya chini kabisa ilitobolewa tundu dogo la kutolea maji. Mpira wa kifuniko cha valvu ulirudishwa kwenye kiungo chake cha asili, na PVC yote iliondolewa.

Sababu ya kuweka ubunifu wote upande wa kabla ya chujio ndiyo iliyochukua muda mwingi zaidi kumweleza mmiliki. Upande huo ukivuja, hasara ni joto kidogo, kwa sababu hewa yoyote itakayopenya bado itapita kwenye karatasi. Upande wa pili wa chujio hauna msamaha huo.

Matokeo

Msimbo wa P0171 haukurudi, na masahihisho ya mafuta yalitulia asilimia 3 juu. Injini iliacha kugonga na kutetemeka. Katika mchana unaolingana na ule aliopima mpwa, hewa iliingia ikiwa na nyuzi 40 gari likiwa limesimama na 35 likitembea, yaani ikiwa na joto zaidi kidogo kuliko bomba lilipokuwa nyuma ya bampa, lakini mbali kabisa na zile nyuzi 61.

Kuhusu nguvu, gari lilijaribiwa kwenye mwinuko uleule, kwa gia ya tatu na mzigo unaokaribiana. Lilipanda vizuri kuliko lilipokuwa na chujio lililoziba. Mmiliki alipoulizwa kulinganisha na siku za mwanzo za bomba la kwanza, alisema haoni tofauti isipokuwa mlio uliopungua. Kauli yake naiamini, kwa sababu inalingana na hesabu zinazofuata.

Uchambuzi

*Kipenyo cha bomba na usomaji wa sensa.* Hili ndilo kosa la kiufundi lililozaa matatizo mengi zaidi, na ndilo linalorudiwa mara nyingi zaidi na watu wanaotengeneza mifumo hii. Sensa ya aina hii ina waya mwembamba unaopashwa moto, na kompyuta hukadiria hewa kwa kuangalia ni umeme kiasi gani unahitajika kuulinda joto lake dhidi ya hewa inayoupoza. Waya hauoni hewa yote inayopita kwenye bomba. Unaona ile inayoupitia tu, na kompyuta huzidisha kwa ukubwa wa kishikizi kilichotoka kiwandani. Eneo la bomba hufuata mraba wa kipenyo: 70 mara 70 ni 4,900, na 76 mara 76 ni 5,776. Kwa hiyo hewa ileile ikipita kwenye bomba la milimita 76 huupita waya kwa mwendo wa asilimia 85 tu ya ule wa awali, na kompyuta hudhani hewa imepungua kwa asilimia 15. Inamwaga mafuta ya hewa hiyo pungufu. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi hugundua kwamba mafuta hayatoshi, na kompyuta huanza kuongeza kidogo kidogo hadi kufikia nyongeza ya asilimia 18 hivi, ambayo ndiyo inayohitajika kufidia. Usomaji wetu wa asilimia 17 ulikuwa karibu kabisa na hesabu hiyo, na ndio uliotuhakikishia kwamba hatukuwa tukitafuta pampu mbovu wala nozeli zilizoziba.

Hapa pia ndipo inapoeleweka tabia ya gari kila betri ilipochomolewa. Kufuta kumbukumbu kulifuta na nyongeza ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza, hivyo gari lilirudi kwenye upungufu kamili wa mafuta, likawa zito, likajifunza upya, kisha likavuka kikomo na kuwasha taa. Fundi alikuwa anaondoa dawa akidhani anaondoa ugonjwa.

*Mpira wa kifuniko cha valvu.* Milimita sita zilizoongezeka kwenye kipenyo hazielezi kwa nini hali ilikuwa mbaya zaidi injini ikiwa saileni. Mpira ulioachwa ukining'inia uliingiza hewa ndani ya injini kupitia njia ya kutolea mvuke wa oili bila kupita kwenye sensa. Kiasi chake ni kidogo, lakini injini ikiwa saileni hewa yote inayohitajika ni kidogo pia, kwa hiyo sehemu isiyopimwa huwa kubwa kwa uwiano. Kichujio chake kidogo hakikuwa cha kutegemewa kwenye barabara za vumbi.

*Uvujaji kabla na baada ya sensa.* Wasomaji wanaotengeneza mabomba yao wanapaswa kutofautisha hali mbili. Uvujaji ulio kati ya sensa na throto huingiza hewa isiyopimwa, na mapema au baadaye taa itawaka. Uvujaji ulio kati ya chujio na sensa haumsumbui mtu yeyote, kwa kuwa hewa inayopenya hapo inapimwa vizuri na mafuta yake yanatolewa sawasawa. Taa haiwaki na gari linavuta, huku vumbi likiingia moja kwa moja kwenye silinda. Vumbi letu lilipita kwenye maungio ya bomba. Kiwiko cha PVC kilichokaa karibu na injini kilikuwa kimelainika na kupinda mahali kilipokazwa na klipu, jambo linalotarajiwa, kwa kuwa PVC ya maji haikutengenezwa kwa ajili ya joto la zaidi ya nyuzi 60. Njia rahisi ya kugundua kasoro ya aina hii ni kupaka grisi kidogo ndani ya bomba baada ya chujio, kutembea kwenye vumbi kwa siku kadhaa, kisha kufungua na kuangalia. Tulifanya hivyo baada ya matengenezo na grisi ilibaki safi.

*Chujio lenyewe.* Chujio zuri la karatasi hushika zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio, na kadiri linavyotumika hushika vizuri zaidi mpaka linapoanza kuziba. Pamba yenye oili hupitisha hewa kwa urahisi zaidi, lakini sehemu ya urahisi huo inatokana na nafasi kubwa zaidi kati ya nyuzi zake, na oili ikizidi inaweza kutua kwenye waya wa sensa na kuharibu usomaji. Katika barabara za lami za mji unaopata mvua mara kwa mara, tofauti hiyo inaweza kuvumilika. Gari linalofuata malori ya alizeti kwenye barabara za udongo kuanzia Mei hadi Novemba halina nafasi ya kufanya biashara hiyo. Mchanga wa kwarizi ni mgumu kuliko chuma cha silinda na ringi, na kila punje inayopita hukwangua njia yake hadi chini. Nasema kwa msisitizo kwamba katika mkoa huu vumbi ni adui mkubwa wa injini kuliko joto la hewa, na mfumo wowote unaopunguza joto kwa kulegeza uchujaji umefanya mabadilishano mabaya.

*Joto la hewa.* Wazo la msingi la mmiliki halikuwa la kupuuzwa. Uzito wa hewa hupungua kadiri joto lake linavyopanda, na ukihesabu kwa kelvini, hewa ya nyuzi 61 ni nyepesi kwa karibu asilimia 7 au 8 kuliko hewa ya nyuzi 36. Tofauti hiyo inaonekana gari likiwa limesimama. Likitembea kilomita 80 kwa saa, nyuzi 42 dhidi ya 33 ni tofauti ya asilimia 3 tu, na dereva hulipia sehemu yake kwa kukanyaga pedeli kidogo zaidi. Pikapu yenye mzigo inayopanda mlima polepole iko katikati ya hali hizo mbili, na ndiyo maana kurudisha njia ya hewa ya nje kulikuwa na maana kwa gari hili. Lakini njia hiyo ilikuwapo tangu kiwandani. Pikapu nyingi za kisasa hunyonya hewa ndani ya madigadi, nje ya joto la injini, kwa hiyo chujio lililo wazi chini ya boneti huondoa hewa baridi badala ya kuileta. Nafuu ya mwanzo ilitokana na kuondolewa kwa chujio lililoziba. Chujio jipya la karatasi lingeileta kwa gharama ndogo zaidi.

*Maji.* Kulishusha chujio nyuma ya bampa kulitatua joto na kuleta hatari ambayo haikuwapo. Makorongo ya mikoa ya kati hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hujaa kwa muda mfupi, na kimo cha mdomo wa kunyonyea hewa ndicho kinachoamua kina ambacho gari linaweza kuvuka. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inayopanda ikikutana nayo, kinachopinda ni konrodi (fimbo inayoishika pistoni). Injini hii iliokoka kwa sababu ilizimika ikiwa kwenye mzunguko mdogo, na kwa sababu kijana alizuia stata isipigwe. Uamuzi wake ndio bora kuliko yote katika kisa hiki, na ulifanywa na mtu mwenye uzoefu mdogo kuliko wote waliokuwapo.

*Jambo ambalo halikuweza kujibiwa.* Mgandamizo wa silinda ya nne umebaki chini kidogo. Inawezekana vumbi la kiangazi ndilo lililokula ringi, inawezekana ni yale maji, na inawezekana gari lilinunuliwa likiwa hivyo. Kwa kuwa hakuna aliyepima mgandamizo kabla ya bomba la kwanza kufungwa, hakuna namna ya kugawa lawama. Vipimo vya silinda zote nne sasa vimeandikwa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, pamoja na kiwango cha oili kinachoongezwa kati ya sevisi moja na nyingine, na vitarudiwa mwishoni mwa kiangazi kijacho.